Kitambaa Ndani ya Pampu

Kilichoniudhi si kitambaa chenyewe, ni upindo wake. Kitambaa ningekivumilia. Gari likiharibika njiani mtu huziba na kufunga kwa chochote anachopata, kipande cha sabuni, kamba ya mgomba, hata ugali, na yote hayo nimeyaona kwenye gari letu. Lakini kile alichokitoa mume wangu ndani ya pampu ya petroli Jumamosi ile kilikuwa cheupe, laini, kimekatwa duara, na pembeni kimepindwa kwa uzi wa bluu, mishono midogo midogo iliyopangana sawasawa kuzunguka. Nikajiuliza ni nani anayekaa kitako akapinda kitambaa cha kutiwa ndani ya injini, mahali ambapo hakuna jicho la mtu litakalokiona. Kazi ya namna hiyo haifanywi bure.

Tulikuwa tunakaa Mbeya, miaka ile ya hamsini, ndoa yetu bado changa na mtoto hajapatikana. Mume wangu ni Mhehe, kwao Ipogolo, pale chini barabara inapoanza kupanda kuingia Iringa mjini. Mimi nimetoka Rungwe, kwenye migomba. Alikuwa na pikapu kuukuu aliyoinunua kwa mlowezi mmoja aliyekuwa akiacha kulima tumbaku, na kazi yake ilikuwa kupeleka mchele na maharage Iringa na kurudi na vitunguu. Kila safari alilala kwa mama yake. Nyumba iliyopakana na ya mama yake, ile yenye baraza linalotazama barabara, ilikuwa ya fundi cherehani, mwanamke, ambaye mama mkwe alikuwa amekwisha kumchagulia mwanawe kabla mimi sijatokea. Hayo sikuletewa na wambea. Niliambiwa na mama mkwe mwenyewe siku ya kwanza nilipopelekwa kumsalimia, tena huku akinipakulia chakula.

Kwa hiyo wivu wangu ulikuwa na pa kukaa. Kwanza nililionea wivu gari. Akirudi safari alilizunguka akiligusagusa kabla hajaingia ndani kunisalimia, na likikohoa usiku kwenye ndoto zake aliamka akiwa na wasiwasi, wakati mimi nikikohoa kweli alivuta blanketi. Lakini gari halipiki wala halishoni. Aliyekuwa akininyima raha ni yule wa kwenye baraza. Sikuwahi kumwona, maana siku ile niliyopelekwa alikuwa amesafiri. Nilimtengeneza mwenyewe kichwani, nikampa shingo ndefu na meno mazuri, kisha nikakaa nikimchukia.

Jumamosi zilikuwa siku za kusafisha chujio. Petroli ya wakati ule ilikaa kwenye mapipa, ikaja na kutu, mchanga na maji, na njia zetu zilikuwa vumbi tupu. Pampu ilikuwa na kikombe cha kioo kilichobanwa kwa waya, na ndani ya kikombe kulikuwa na wavu mwembamba wa shaba wa kuzuia uchafu usiende kwenye injini. Mume wangu aliazima kigoda changu cha jikoni na bakuli langu la kukandia unga, akakaa uani kwenye jua, akafungua kikombe, akausuuza wavu kwa petroli. Mimi nilikuwa nachambua maharage karibu yake. Siku ile hakutoka wavu. Kilitoka kitambaa.

Nikamwuliza kimetoka wapi. Akasema wavu ulitoboka alipokuwa Ipogolo, na jirani ya mama akamshonea hicho ili aweze kurudi. Alisema kama mtu anayetaja bei ya vitunguu. Akaendelea kwamba Mhindi wa duka la vipuri hana wavu wa pampu hiyo, ameagiza, na kwamba kitambaa hicho kinafaa kabisa, akisuuze tu akirudishe. Nikainuka na maharage yakamwagika.

Sitaandika yote niliyosema. Majirani waliyasikia na waliokuwa hawaelewi Kinyakyusa walitafsiriwa. Mume wangu alicheka kwanza, halafu akanitazama usoni, akaacha kucheka. Mwishoni nilimwambia polepole, kwa Kiswahili, ili asipate kusema hakuelewa:

"Kitambaa cha mwanamke yule kisiingie tena kwenye gari hili. Niapie."

Akaapa, mkono unaonuka petroli umewekwa kifuani. Yeye ni Mlutheri wa kweli, haapi ovyo, na mimi nililijua hilo nilipomtaka aape.

Nikaingia ndani nikalitoa gagulo langu la harusi. Lilikuwa la pamba nyeupe, la kuvaliwa ndani ya gauni, nimelivaa siku ile moja tu, na nilikuwa nimelitunza kwenye sanduku pamoja na majani ya mkaratusi ili lisiliwe na wadudu. Nikalikata kipande kwa kisu cha jikoni. Nilitaka kiwe hicho hasa. Kama ni lazima kitu cha mwanamke kisafiri ndani ya gari lile mpaka Iringa, kitakuwa cha mkewe, tena kile cha karibu na mwili wake.

Mume wangu aliponyoosha mkono nikakataa. Nikamwambia anielekeze kwa mdomo, kazi nitaifanya mwenyewe. Akasimama amekunja mikono, akanielekeza kufunga koki ya petroli, kufuta kikombe mpaka king'ae, kulaza kitambaa bila kukikunja, kuhakikisha mpira wa pembeni unaozuia petroli isivuje umekaa vizuri ndipo nibane waya. Mikono ilinuka, kucha zikawa nyeusi, na kusema kweli nilijisikia vizuri sana. Akafungua koki, akapiga hendeli, gari likawaka mara moja. Likanguruma pale uani kama kawaida yake. Akanipongeza, na ilikuwa pongezi ya kweli, nami nikaipokea bila kutabasamu.

Kile cha upindo wa bluu nilikitupa jikoni kwenye moto. Nilisahau kwamba kimelowa petroli. Moto ulipanda ghafla ukaondoka na nyusi zangu zote mbili, na Jumapili nilikwenda kanisani nimevuta kilemba mpaka karibu na macho.

Jumatatu akaondoka na mzigo wa mchele. Siku yake ya kurudi ikafika, hakurudi. Kesho yake vilevile. Kisha utingo wa basi litokalo Iringa akaja mpaka mlangoni na salamu: gari limezimika, mwenyewe ni mzima, yuko kwa mama yake, anasubiri wavu uje na lori kutoka Dar es Salaam, na lori lenyewe haijulikani lini. Nikamwuliza gari limezimika wapi. Akasema Ipogolo, chini ya kilima.

Nilikaa kwenye kigoda kile kile. Gari lilikuwa limepita Igawa, likapita Makambako, likapita Mafinga na mahali pote ambapo lingezimika pasiwe na mtu ila miti na ng'ombe, yote hayo likayapita salama, likaenda kufia mbele ya baraza la fundi cherehani. Nikamwona mume wangu akiletewa uji kwenye bakuli lililofunikwa kitambaa chenye upindo. Nikamwona mama mkwe akitazama na kuridhika. Wiki ilipoisha na lori halijaja, sikuwa nikilala wala kula, na aliyeniambia habari nyingine yoyote sikumsikia. Nikakata mkungu wa ndizi, nikapanda basi.

Kitu cha kwanza nilichokiona niliposhuka Ipogolo kilikuwa gagulo langu. Kile kipande. Kilikuwa kimefuliwa na kuanikwa kwenye kamba ya fundi cherehani, katikati ya magauni ya wateja wake, hadharani, barabara nzima inakitazama. Pikapu ilikuwa kando, boneti iko wazi. Mume wangu akatoka kwa mama yake akanipokea mkungu, na alikuwa amenenepa. Mama mkwe naye akatoka, akanisalimia, akaniuliza nyusi zangu zimekwenda wapi.

Tulipobaki wawili mume wangu akanieleza. Kitambaa changu kilikuwa kimekatwa kwa kisu, pembeni hakikupindwa. Njia nzima kilikuwa kikitoa nyuzi, nyuzi zikanywewa na pampu, zikaingia mpaka kwenye kabureta, na chenyewe kikapungua mpaka hakifiki tena pembeni ya kikombe. Huko nyuma, nyuzi zikiwa bado chache, gari lilivumilia, lakini lilipotakiwa kupanda kilima cha kuingia mjini na mzigo wote ule, halikupata petroli ya kutosha, likafa. Mchele ameupeleka mjini kwa lori la watu, na amekwisha kusafisha kila kitu siku nyingi. Alijaribu ukosi wa shati lake, nao ukatoa nyuzi vilevile. Lililobaki ni chujio tu.

Halafu akasema, bila kunificha, kwamba jirani alikata kitambaa kingine siku ile ile ya kwanza, akakipinda, na kimekaa juu ya cherehani yake mpaka leo.

"Kwa nini hukukitia ukarudi nyumbani?"

"Si uliniapisha?"

Nilimchunguza uso kutafuta ujanja. Ningeupata ningeshukuru, maana ningejua pa kupiga. Haukuwepo. Alikuwa mtu aliyekaa wiki nzima mlangoni kwa mwanamke mwingine kwa sababu mkewe alimkataza kuondoka hapo. Hasira zangu zote nilizokuja nazo kwenye basi zikakosa mwenyewe, zikanirudia.

Nikaenda kwenye baraza. Nilikuwa nimejiandaa kukuta mrembo wa kunishinda au mbaya wa kunifariji. Nikakuta mwanamke wa kawaida, mfupi kidogo, sindano ameishika mdomoni, macho yake yamechoka kwa kazi. Akaitoa sindano akaichomeka kifuani kwenye gauni, akainuka.

"Kamwene, wifi," akasema. "Karibu kiti."

Wifi! Nani alimfanya dada wa mume wangu? Lakini aliyekuita wifi huwezi kumrushia maneno niliyokuwa nimeyapanga, na nadhani yeye alilijua hilo kabla sijafika. Nikakaa. Akaenda kwenye kamba akakianua kile kipande cha gagulo, akakikunja mara mbili, akaniwekea mapajani. Kilikuwa cheupe kuliko nilivyolifua mimi gagulo zima baada ya harusi, na hata hilo nikalionea wivu. Kisha akakichukua kile kingine juu ya cherehani. Duara, laini, upindo wa bluu. Akapitisha ukucha kwenye mishono, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayemweleza mteja:

"Kile cha kwanza nilikipinda ili nyuzi zisimkwamishe njiani, afike kwako. Hicho chako, wifi, ndicho kilichomleta kwangu."

Hakucheka. Angecheka ningejua la kumfanya. Alikaa tu amenyoosha mkono, na kitambaa kiko juu ya kiganja. Hakuwa amemnyooshea mume wangu, aliyekuwa amesimama kando ya gari akijifanya anatazama tairi. Alininyooshea mimi.

Niliwaza kukataa. Nikikataa, nitapanda basi nirudi Mbeya peke yangu, na mume wangu atabaki pale akila uji wa mama yake na kutazamwa kutoka barazani mpaka lori la Dar es Salaam litakapojisikia kuja. Nikikubali, kitambaa cha mwanamke yule kitaingia tena kwenye gari letu, na safari hii kitaingizwa na mimi. Mume wangu alitaka kusema jambo. Nikamwambia kiapo nimekifuta, anyamaze.

Nikakipokea. Nikasema ahsante, na sijawahi kusema neno lililoniuma kutoka kama lile.

Kazi niliifanya mwenyewe, kama nilivyoifanya nyumbani. Nikafunga koki, nikafuta kikombe, nikalaza kitambaa. Kililala palepale bila kunyanyuka upande wowote, na upindo ukakaa chini ya ule mpira kana kwamba pampu ilitengenezwa kwa ajili yake. Nikabana waya. Mume wangu alisimama amekunja mikono, hakunielekeza hata neno moja. Kule barazani cherehani ilikuwa imeanza kulia tena. Alipiga hendeli, gari likawaka.

Tuliaga. Mama mkwe akatupa mahindi ya njiani. Fundi cherehani alituaga kwa mkono bila kuacha kushona, na mume wangu akampungia, na mimi nikatazama ni muda gani mkono wake umekaa juu. Haukukaa.

Kutoka pale tukaanza kupanda kwenda Ifunda, kisha Mafinga, kwenye baridi na misitu, tukashuka Makambako na kuvuka tambarare za Usangu, mpaka tukaiona milima ya nyumbani. Kipande cha gagulo nilikuwa nimekishika mkononi. Mume wangu alikuwa na furaha, aliimba nyimbo za kanisani, na akasema mara kwa mara kwamba gari halijawahi kuvuta vizuri namna hii. Ilikuwa kweli. Halikukohoa hata mara moja mpaka Mbeya, na kila lilipopanda mlima vizuri nilizidi kukasirika.