Sega Juu ya Wavu

Juzi, ndani ya basi la Igunga, tulionyeshwa filamu ya makomandoo wa angani waliovaa chuma mwili mzima. Walivunja mlango wa chombo cha adui, wakakiteka kizima. Abiria walishangilia bunduki. Mimi nilijiuliza wanakulaje ndani ya kofia zile.

Swali hilo lilianzia porini, nyuma ya kijiji cha Isikizya, alasiri moja ya utoto wangu. Shangazi Modesta alinivika ovaroli nyeupe ya kurinia asali, akanishushia wavu usoni. Filamu kama ile nilikuwa nimeshaiona kwenye kibanda cha video, kwa hiyo niliamini kabisa kwamba mzinga ulioning'inia mtini ni chombo cha adui.

"Komandoo, ukifunua wavu kabla hatujafika barabarani, huji tena," alinionya.

Moshi ulinukia majani mabichi. Nyuki walinguruma kama injini. Tulipomaliza kurina, shangazi alinipa kipande cha sega.

"Haya, kula."

Nilijua ananijaribu. Mate yalinijaa, lakini wavu sikuugusa. Nikalikandamiza sega juu yake, nikafyonza asali kupitia matundu.

Shangazi alicheka mpaka akaketi chini. "Wewe mtoto, utauteka hata mwezi!"

Baadaye alikiri kwamba hakuwa akinijaribu. Alikuwa amesahau tu kuwa nimevaa wavu. Na leo najua wavamizi tulikuwa sisi, nyuki walilinda kwao. Ila kwamba sijawahi kuonja asali tamu kuliko ile, hilo peke yake sitaki kulihoji.