Mwanangu Anakuja Kuomba Radhi kwa Kosa Nililofanya Mimi

Shikamooni mnaostahili, na wengine habari zenu. Admin, naomba jina langu ulifiche maana huku tunajuana. Mimi ni mama wa miaka hamsini na nne, niko Shinyanga, kijiji sitakitaja, tunalima pamba na dengu. Nimeishia darasa la saba, lakini niliyemzaa hakuishia huko. Binti yangu wa kwanza ni mchumi wa kilimo, sasa hivi anasomea udaktari, si ule wa sindano, ule wa vitabu. Kata nzima hakuna mwingine. Mkisema najisifu, ni kweli najisifu. Nilimsomesha kwa jembe, huku baba yake yuko machimbo ya Geita anatafuta dhahabu ambayo mpaka leo sijaiona hata kwenye kidole.

Mwaka juzi alikuja kufanya utafiti wake hapa hapa kwetu. Alitaka kujua kwa nini wakulima tunaletewa mbegu mpya na njia mpya za kutunza pamba halafu tunaziacha. Watu wakamwogopa, wakadhani katumwa na serikali. Mimi ndiye niliyepita nyumba kwa nyumba. Rafiki yangu Mama Kulwa nilimwambia, "Mwambie yote, si wewe uliyembeba mgongoni huyu?" Akacheka, akaniita mama kwa Kisukuma, "Haya mayu, ila akituponza nahamia kwako na watoto wangu wote, utatulisha."

Basi wakafunguka. Wakamweleza tunavyoimwagia pamba maji na kuichanganya na mchanga ili iwe nzito kwenye mzani. Na mimi nilikuwa nafanya, sidanganyi. Mwanangu hakutucheka. Aliniambia, "Mama, hawa si wezi. Wewe unachambua pamba yako siku tatu inakuwa nyeupe pee, jirani analeta yenye mchanga, bei ile ile. Sasa nani atahangaika na mbegu mpya?" Utafiti wake wote ulikuwa huo, na mimi wa darasa la saba niliuelewa. Alikuwa ameshapata mnunuzi wa kujaribu naye bei mbili, pamba safi ilipwe zaidi. Na aliwaahidi watu kwamba jina la kijiji halitaandikwa popote. Kweli, kwenye maelezo ya Kiswahili aliyonitumia kwenye simu, ametuita Kijiji cha Pili tu.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Msimu uliopita nilichambua pamba yangu vizuri, maana ningemwaibishaje mwanangu. Nilipofika kwenye mzani nikamuuliza afisa wa kampuni inayonunua kwetu, kijana wa mjini, mbona bei yangu haina tofauti na ya wenye uchafu. Akanijibu, "Mama, mambo ya bei yana wasomi wake, wewe sogeza gunia." Foleni nzima ikacheka. Iliniuma sana. Nikasubiri watu wapungue, nikamfuata kwenye gari lake, nikatoa simu. Nikamwambia, "Hao wasomi unaowasema, mmoja nimemzaa mimi. Soma hapo. Hicho Kijiji cha Pili ndicho hiki ulichosimama."

Akasoma kidogo, akaanza kuniita mama kwa adabu. Akanitafutia kiti. "Nirushie na mimi mama, nikasome nikitulia." Nikamrushia. Nilikaa kwenye kile kiti kama bibi harusi.

Haikupita wiki mbili kampuni ikaacha kununua kwetu. Walisema wamesoma kwa macho yao kwamba kijiji hiki kinatia mchanga. Pamba ikabaki vyumbani, watu wanalala nayo, panya wanazalia humo. Wanaume wengi wakaenda machimboni Geita. Mume wa Mama Kulwa naye akaenda, huu mwezi wa tano simu yake haipatikani.

Kwenye mkutano wa kijiji Mama Kulwa alisimama akasema, "Mtoto niliyembeba mgongoni ndiye aliyetuuza." Wote wakanigeukia. Hapo ndipo ningesema. Badala yake nikasema, "Watoto wakisoma sana wanabadilika, hata mimi mama yake simwelewi." Nimeyasema hayo kwa mdomo huu huu.

Mwanangu akanipigia analia. "Mama, nimepitia karatasi zangu zote, sioni jina lilipotokea. Labda niliropoka mahali." Yule mnunuzi wa bei mbili amejitoa. Chuoni wamemsimamishia utafiti wamchunguze, maana kwao kuvunja ahadi kwa watu waliokuamini ni kosa kubwa. Nikamwambia pole. Pole tu, basi.

Jumamosi hii anakuja. Amemwomba mwenyekiti aitishe mkutano ili awapigie watu magoti. Wapo walioshaapa kwamba wataenda kumzomea tu. Nikisema ukweli, pamba haitanunuliwa kwa ajili hiyo, mume wa Mama Kulwa hatarudi, na binti yangu atajua kwamba mama yake alimtoa kafara mbele za watu ili kujificha yeye. Nikinyamaza, nitamtazama amepiga magoti kwenye vumbi kwa ajili yangu. Nimelipindua kila upande, sioni mahali pa kutokea.

Leo asubuhi amenitumia ujumbe: "Mama, siku hiyo ukae mbele, nikikuona sitaogopa." Sijamjibu. Ninyi mliozaa na msiozaa, nawaomba mniambie, huyu mtoto nimjibu nini?