Moshi wa Barabara ya Bweni

Ijumaa ile niliondoka Kilindoni kwenda kumwambia mke wangu kwamba gari letu linakufa. Neema ni muuguzi wa zahanati huko Bweni, karibu na Ras Mkumbi. Mimi nafundisha Kilindoni na ninakaa na binti yetu Tumaini, ambaye bado hajaanza shule. Kila mwisho wa juma tunamfuata mama yake. Gari lenyewe ni kuukuu, na kwa miezi kadhaa lilikuwa likitoa moshi wa buluu, likikohoa na kuishiwa nguvu kwenye kila mwinuko. Fundi wa kwanza alilisikiliza akiwa amesimama tu, akatoa hukumu: ringi za pistoni zimekwisha, oili inaungua, agiza injini Dar es Salaam. Uwezo huo sikuwa nao. Na Neema alishasema gari likifa ataacha kazi, maana hataki mtoto amjue mama kwa simu. Kazi yake anaipenda mno, ndiyo maana roho iliniuma.

Hatukufika mbali. Miburani gari lilizimika karibu na kwa Shaweji, fundi aliyewahi kunitengenezea pikipiki.

"Mwalimu, limekuwaje tena?"

"Linakula oili. Nimeambiwa ninunue injini."

"Umeambiwa, au limepimwa?"

Shaweji alichomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha, akakitazama tena. Oili ilikuwa imejaa.

"Umeongeza lini?"

"Sijaongeza tangu nilipomwaga ile ya zamani."

Alinikodolea macho kama mtu aliyeonjeshwa chai ya chumvi. Akafungua plagi, zote zilikuwa nyeusi na zimelowa oili. Kisha akaweka kipimo kwenye tundu moja moja, nami nikapiga starti kila aliponiashiria, apate kujua kama injini bado inabana hewa sawasawa. Ilibana vizuri, tundu zote.

"Ringi ni nzima," alisema. "Zingekufa, hapa kipimo kingeanguka na oili ingepungua. Kuna oili inaungua humu ndani, lakini si ya injini. Inaingilia wapi, mimi sijui. Hiyo injini usiagize kwanza."

Akasugua plagi, akazirudisha, tukaondoka. Nilifurahi, ila kwa woga, maana nilikwisha kujizoeza habari mbaya.

Baada ya Kirongwe gari lilianza kuvuta vizuri zaidi, ingawa moshi ulikuwa palepale. Niliangalia kioo cha nyuma zaidi kuliko barabara, na kuna mbuzi mmoja wa Kanga anayepaswa kumshukuru Mungu.

Bweni tuliingia jioni. Tumaini alirukia shingo ya mama yake. "Shikamoo mama!"

"Marahaba, mwanangu." Neema akalitazama gari. "Limekufa?"

"Bado. Shaweji anasema nisubiri."

"Tusubiri mpaka lini, baba Tumaini?"

Nikateremsha mizigo, tukaingia ndani kula.

Jumamosi asubuhi nilikwenda dagoni, kambi ya wavuvi wanaokuja kwa msimu, kumjulia hali Hamadi wa Kilwa. Huyu alichomwa mguuni na mwiba wa taa, yule samaki bapa, na Neema ndiye aliyemuuguza. Tangu apone, kila tunapoondoka hunijazia dumu la petroli la kurudia. Kukataa hasikii, kwao mgeni hatoki mikono mitupu. Nilimkuta kando ya boti, anamimina oili ndani ya dumu la petroli, kisha analitikisa kwa mikono miwili.

"Hamadi, hiyo oili ya nini?"

"Ya mashine ya boti, mwalimu. Hii haina oili yake ndani, inalishwa humuhumu pamoja na petroli. Ukiipa petroli tupu unaiua."

"Na dumu langu je?"

"Lako huwa nazidisha kidogo," alisema kwa fahari. "Gari lako zee, nalionea huruma."

Nilicheka mpaka nikakaa chini mchangani. Nilipomweleza, Hamadi alishika kichwa. "Ala! Kumbe nalitia sumu mimi? Nisamehe, mwalimu."

"Nikusamehe nini? Umenipa injini nzima!"

Tukaenda kwenye gari, tukanyonya mafuta yote ya tangi kwa mpira. Hayo yakaenda kwenye boti yake, nami nikapewa petroli ambayo haijaguswa na oili. Shukrani yake, alisema, kuanzia sasa itakuwa samaki, changu wawili watatu, maana hao hakuna pa kuwakosea.

Jumapili mchana tulianza kurudi. Gari lilitapika moshi mara moja, likatulia. Nimejifunza kwamba kabla ya kuihukumu injini nzee yapasa kuuliza inalishwa nini, hata kama anayeilisha ni mtu mwema kabisa. Lakini kichwani sikuwa na mambo ya injini wakati ule. Neema hutusindikiza mpaka barabarani, na siku zote huziba pua na kurudi ndani upesi. Safari hii aliinama dirishani.

"Basi Ijumaa mtanikuta zahanati," alisema. "Nina wajawazito wengi siku hiyo."

Nikatia gia. Tumaini alipiga magoti kwenye kiti cha nyuma, akapunga mkono, akapunga tena, kisha akapiga kelele kwa mshangao: "Baba, leo mama anaonekana!"