Kopo la Kufunguliwa kwa Mkono Mmoja

Pesa ilipogeuka karatasi ya kufungia karanga, mume wangu alianza kulipwa mshahara kwa makopo.

Alikuwa fundi wa pampu katika atelier, karakana moja ndogo pale Likasi. Pampu zenyewe zilikuwa zimekwisha. Ilibaki moja, na hiyo patron, mwenye karakana, alikataza isiguswe, maana ndiyo iliyoonyesha kwamba pale ni atelier. Hata hivyo mume wangu alivaa ovaroli kila asubuhi, akaenda kuiangalia, akarudi mchana amechoka. Kisha patron akapata, kwa njia ambayo hakuieleza, makopo ya chakula kutoka kwenye behewa lililokuwa limelala stesheni msimu mzima wa mvua. Karatasi za nje zilikuwa zimebanduka zote. Lilibaki bati linalong'aa, halisemi kitu.

Sokoni tuliyaita makopo vipofu. Nilikuwa na meza yangu pale, ya chumvi na sabuni ya vipande, na makopo ya mume wangu nikayapanga mbele ili yang'ae juani. Ndivyo nilivyojifunza kutikisa. Kopo likisema chubwi-chubwi, ni njegere au mahindi. Likisema dup, mara moja, halafu kimya, ni nyama. Lisiposema kitu kabisa, niliwaambia wateja ni samaki wa nyanya, wamebanana mle ndani hata hawana nafasi ya kugeuka. Mteja akirudi kulalamika, nilimwuliza: "Weye ulinunua kopo ao ulinunua karatasi? Minye siuzishake karatasi."

Shida ya pili ilikuwa kuyafungua. Kifungulio cha kopo hakikuonekana mtaa mzima. Aliyekuwa nacho alikuwa ameshakibadilisha na unga. Watu walifungua kwa msumari na jiwe, kwa panga, kwa chochote. Jirani yetu alifungua njegere kwa jembe, na nyingine zilikuja kuota juu ya paa letu. Tulicheka. Ilikuwa shida ya kuchekwa mpaka siku mdogo wangu, aliyekaa kwetu pamoja na mama, alipoposwa.

Kijana alitoka Kakanda, mchimbaji, mtu wa kusali, wa maneno machache. Mdogo wangu alimpenda kiasi cha kuacha kubishana nami, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu azaliwe. Ilibaki siku ya kuonyesha moto. Kwa upande wa mama yetu, ndoa haiendi mbele kabla wakwe hawajaja kula kwa wazazi wa msichana. Msichana mwenyewe anapiga magoti mbele ya kila chakula, anasema jina lake, halafu anafunua kifuniko kwa mkono wa kuume peke yake. Wa kushoto unashika kiwiko kwa heshima. Mkono usihangaike, usivute mara mbili. Ukihangaika, wakwe wanasema nyumba hii ina mambo ya kufichwa, wanavaa viatu vyao, wanarudi na kijana wao. Hilo si tisho la bure. Binti wa mama mkubwa alifunua sufuria ambayo mvuke ulikuwa umeikamata, akavuta mara mbili, na hadi leo anaishi na paka.

Kuku hatukuwa naye. Kuku wa mwisho mtaani alikuwa wa pasta, na pasta alimlinda kuliko waumini. Tulikuwa na unga kidogo wa bukari, huo ugali wetu, sombe ya majani ya mihogo ya shambani, na makopo. Mimi nikasema basi, tutayafungua asubuhi nyuma ya nyumba, tumimine kwenye sufuria, nani atajua? Lakini shangazi wa kijana alitanguliza neno kutoka Kakanda, nalo lilifika kabla yake kwa mdomo wa mwuza mihogo: "Tumesikia mu Likasi munafungulaka makopo, munatosha nyama inje, munatia mchanga, munafunga tena. Kama ni kopo, tutaiona ikifunguliwa mbele yetu."

Kwa hiyo kopo lenyewe ndilo litakuwa sahani, na kifuniko chake ndicho mdogo wangu atakachofunua. Nilimweleza mume wangu. Aliweka kikombe chini. Ilikuwa siku nyingi hajapewa kazi na mtu.

"Mukono moja?"

"Moja. Ya kuume."

"Na ile ingine?"

"Inashika kiwiko."

"Na amepiga magoti?"

"Amepiga magoti."

Akafikiri. "Kopo batu bakaifunga na mashini, weye unataka ifunguke kama mulango ya kanisa."

"Haiko minye nataka. Ni bakwe njo banataka."

Karatasi ya kuchorea hapakuwa, hivyo alichora ukutani kwa kipande cha kaa la moto. Mchoro wa kwanza ulikuwa na gurudumu kubwa la kuzungusha, kama lile la kufungia maji ya bomba kuu. Alinionyesha jinsi mtu atakavyolishika. Nikauliza, "Na kopo iko wapi?" Akanionyesha alama ndogo chini kabisa. "Iko hapa chini."

Mchoro wa pili ulikuwa na pete. Hapo nikaona akili. Pete ya waya wa shaba, kidole kinaingia, kinavuta. Na Likasi unaweza kukosa chumvi, waya wa shaba hukosi. Alitoboa kifuniko tundu dogo ili aikaze pete kwa msumari mfupi. Mchuzi ukatoka kwenye tundu. Alikuwa amefungua kopo ili apate pa kufunga kitu cha kulifungulia. Tukala. Yalikuwa mahindi.

Mara ya tatu hakutoboa, aliilehemu pete kwa moto wa gesi aliouazima kule atelier. Kopo likavimba kama shavu la mwenye jino bovu. Tulikimbia nyuma ya nyumba, na lilipolia, mama yangu aliyekuwa ndani akaanza kukiri dhambi ambazo hatukuwahi kuzijua.

"Imefunguka," mume wangu akasema, bado amejificha. "Na hakuna mukono hata moja iliigusa."

Kila jaribio lilikula kopo, na kopo lenyewe tulikula sisi, kwa hiyo kadiri mume wangu alivyokaribia kufaulu ndivyo tulivyokaribia kukosa cha kufungua. Mimi nahesabu kila kitu mara mbili, ni ugonjwa wa sokoni. Jioni nilikuwa nahesabu makopo yaliyobaki, halafu nahesabu tena, na hesabu zote mbili zilikubaliana, jambo ambalo lilinisikitisha.

Mara ya nne alitumia chuma cha kulehemu kilichopashwa kwenye makaa, haraka, na kopo amelivisha kitambaa chenye maji kama mgonjwa wa homa. Pete ikashika. Mdogo wangu akapiga magoti, akavuta kwa adabu zote. Pete haikutoka. Kifuniko hakikutoka. Kopo zima lilipanda naye hewani, likabaki linaning'inia kwenye kidole chake.

"Sasa iko kama sakoshi ya kwenda nayo soko," mama akasema.

Ubaya ulikuwa ukingoni, pale kifuniko kinapokunjwa pamoja na ukuta wa kopo na kubanwa. Mume wangu alikaa na mkunjo ule siku nzima. Nilikuwa nanoa kisu kwenye ngazi ya saruji ya baraza. Akaniangalia, akaangalia kisu, akaangalia ngazi. Akachukua kopo, akaligeuza kichwa chini, akaanza kulisugua kwenye saruji, polepole, mviringo mviringo, kama mtu anayesaga dawa.

Mkunjo ulilika. Kwanza ukawa mweupe, halafu ukatokea mstari mwembamba unaong'aa kuzunguka kopo zima, na hapo ndipo kazi ilipokuwa. Ukiacha mapema, kopo ni sakoshi. Ukizidisha, linafunguka lenyewe njiani kwenda mezani. Lazima bati libaki kama ngozi ya kitunguu. Alikuwa anasugua, anasimama, anaweka sikio, anapitisha ukucha. Halafu pete, karibu na ukingo, si katikati. Mdogo wangu akavuta. Tok. Kifuniko kikainuka kama kope la jicho.

Mama alipiga kigelegele. Ndani yalikuwa maharage, na hakuna aliyejali.

Yalibaki makopo mawili tu. Mume wangu aliyasugua yote mawili Jumamosi, akayalehemu, akakataza mtu kupita karibu nayo kwa nguvu. Kazi yangu ikawa jina, kwa sababu msichana anataja chakula kabla ya kufunua, na kopo kipofu halijitaji. Niliyatikisa kwa woga, kama mtu anayemwamsha mtoto wa mwingine. La kwanza likasema dup: nyama. La pili halikusema kitu. Nikamnong'oneza mdogo wangu: "Samaki."

Walikuja Jumapili baada ya ibada, kwa baiskeli: kijana, mjomba wake mwenye kinu cha mashine cha kusaga unga kule Kakanda, na shangazi. Shangazi alikuwa mwanamke mfupi, kitenge kimepigwa pasi mpaka kinakata, na alikaa kwenye mkeka akiangalia makopo kama mlinzi wa geti. Tukawapa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Wakanywa. Tukasalimiana kuhusu Kambove waliyoipitia, kuhusu barabara, kuhusu wagonjwa wa kila upande. Mume wangu alisimama mlangoni, amefumba macho.

Mdogo wangu akapiga magoti. Mkono wa kushoto ukashika kiwiko.

"Nyama ya ng'ombe," akasema.

Tok.

Nyama ya ng'ombe, na mafuta yake meupe pembeni. Shangazi aliinama mbele bila kutaka. Mjomba akasema "Eh!" kama mtu aliyeona bao. Mume wangu akafumbua jicho moja.

Mdogo wangu akasogea kwa magoti mpaka kopo la pili.

"Samaki."

Tok. Lilifunguka vizuri kuliko la kwanza. Ndani palikuwa na kitu cha manjano, laini, kinang'aa, bila mkia wala jicho. Mama akasema kwa matumaini labda ni siagi. Kisha harufu ikatufikia, harufu ya gereji.

"Ile haiko samaki," mume wangu akasema kutoka mlangoni, na kabla sijamfikia kwa kiwiko akaongeza, kwa fahari: "Ni graisse ya roulement. Na ni ya muzuri sana."

Baadaye tulijua kwamba mtunza stoo wa atelier, makopo yalipompungukia, alijazia idadi kwa kopo la kiwandani la grisi ya pampu ambazo hazikuwepo tena. Saa ile hatukujua chochote. Mdogo wangu alibaki amepiga magoti, kifuniko mkononi. Kijana aliangalia mkeka. Viatu vya wakwe vilikuwa pale mlangoni, vimeelekea nje.

"Mulisema samaki," shangazi akasema.

Mimi, niliyewahi kumwuzia mtu chumvi yake mwenyewe, nilifungua mdomo na haukuwa na kitu ndani. Aliyejibu ni mdogo wangu, bila kuinua macho.

"Mama, hata siye tulikuwa tunangojea samaki."

Shangazi alinyoosha mkono, akapewa kifuniko. Akakigeuza. Akapitisha kidole gumba ukingoni pale bati lilipobaki jembamba, akavuta pete kidogo, akanusa. "Nani aliifungula mbele ya leo?"

"Hakuna mutu, mama."

"Hakuna mutu." Akamgeukia mjomba. "Unaona? Mwizi angefungula kwanza, angeangalia, angechagula. Aba batu bametuletea kintu benyewe habakijue." Akatuangalia mmoja mmoja, na kwangu akakawia. "Mutu ya kudanganya hawezi kuwa mujinga namna hii. Hapa hakuna kintu ya kufichwa."

Nimesifiwa mara nyingi maishani, hasa na watu waliotaka kupunguziwa bei. Hakuna sifa iliyoniingia kama ile. Mdogo wangu alianza kulia, na kijana wa maneno machache akasema neno lake la siku ile: "Nyama inapoa."

Lakini mjomba hakuwa akisikiliza. Kidole chake kilikuwa ndani ya kopo. Alichovya, akasugua kwa kidole gumba, akainua kwenye mwanga. Kinu chake kilikuwa kimenyamaza tangu roulement, zile beringi zake, zilipokauka grisi, na Kakanda nzima ilikuwa inatwanga kwa mikono na kumtukana.

"Hii," akasema taratibu, kama haimhusu, "mutaifanyia nini?"

Hapo mdomo wangu ukarudi. Mtu anayeuliza taratibu vile namjua vizuri.

"Ni chakula ya bakwe, mujomba. Na kwetu chakula ya bakwe inaliwa hapahapa, haibebwake."

"Nitakula graisse?"

"Minye siwezi kukulazimisha. Lakini ukiibeba, utakuwa umevunja desturi. Desturi ikivunjwa inatengenezwa. Na unga, kwa mfano."

"Unga ngapi?"

"Ya arusi yote."

"Weye! Batu yenu bako wengi kama senene!"

"Basi kula."

Shangazi alicheka kwanza, kwa nyuma ya mkono. Tukavutana mpaka bukari ikapoa: mjomba akatoa unga wa upande wetu, mimi nikataka na wa upande wao, tukakutana kwenye unga wa wote, na mahindi ya kusaga watoe wao. Nilimfanya alirudie neno hilo mara mbili.

Walipoinuka kuondoka, mjomba akamkabidhi mume wangu kopo. "Funga basi, shemeki, nifunge ku baiskeli."

Mume wangu alilipokea. Akaangalia kopo, akaangalia kifuniko chenye pete yake. Katika siku zote zile za gurudumu na moto na saruji, wazo hilo halikuwa limepita nyumbani kwetu.

"Kufunga?" akasema.

Mjomba aliondoka kuelekea Kakanda na kopo wazi, jani la mgomba juu yake kuzuia vumbi. Mkono mmoja ulikuwa kwenye usukani. Mwingine ulibeba grisi, kiwiko kimetoka nje kwa heshima, na kila shimo la barabara tulimsikia akiliomba kwa jina la Yesu. Shangazi alimfuata nyuma kwa baiskeli, akimwambia asihangaike.

Arusi ilipofika, unga ulikuwa mwingi na wa kusagwa laini. Mume wangu hakuonja hata bukari ya kwanza kwa utulivu. Alikuwa ameshaanza mchoro mwingine ukutani, wa kopo linalojifunga. Nilipoona gurudumu likizidi kukua, nikaenda kutafuta kitambaa cha maji cha kufutia ukuta.