Alama ya Mzinga wa Babu

Julai ile baridi ya Meru ilikuwa imetutia ganzi vidoleni, lakini baba alisema Nairobi ni baridi zaidi, akavaa koti lake zito la kizungu. Mimi nilikuwa mwalimu mpya wa shule ya misheni. Baba alinichukua safarini kwa sababu nilijua Kiingereza, si kwa mapenzi.

Safari yenyewe ilizaliwa na ugomvi. Babu alipofariki, baba na kaka yake mkubwa, aliyekaa Nduruma, walibishania alama ya mizinga ya nyuki ya marehemu. Kwetu mzinga hutundikwa msituni bila mlinzi. Alama iliyochongwa tumboni mwake inatosha kumtambulisha mwenyewe, nayo watoto huirithi. Baba alishikilia kwamba babu alichonga mistari miwili. Baba mkubwa alisema mitatu. Aliyekosea angelazimika kukwangua alama kwenye mizinga yake yote na kutafuta alama nyingine, kama mgeni mlimani. Kwa miaka miwili hawakuamkiana. Mizinga ya babu iliteketea kwa moto wa msitu, ukabaki mmoja tu: ule ambao baba mwenyewe aliwahi kumpa mzungu mmoja mkusanya vitu, akapewa koti, nao ukapelekwa makumbusho ya Nairobi.

Makumbusho yalijaa ndege waliokaushwa. Baba hakumtazama hata mmoja. Mzinga tuliukuta chumba cha mwisho, nyuma ya kamba, akautambua kwa mdomo wake ulioungua kwa mienge ya kurina asali. Kibao kilisema ni mzinga wa nyuki wa Mlima Meru, basi. Upande laini ulitazama watu, tumbo limegeuziwa ukuta. Nadhani waliona alama ni makwaruzo. Nilikasirika, nikashangaa kwamba nimekasirika.

"Ugeuze kidogo," baba alimwambia askari aliyelinda chumba.

"Haviguswi, mzee. Nitafukuzwa kazi."

"Huo ni wa baba yangu."

Askari aligeuka. "Basi mimi naenda kufunga dirisha lile," akasema. "Baridi imezidi."

Mkono wa koti haukupita kati ya mzinga na ukuta. Baba akalivua, akanipa, akapenyeza mkono mtupu. Vidole vilikwenda polepole, vikasimama mara mbili, nami nikafurahi mapema. Kisha vikasogea tena, vikasimama. Alirudia tangu mwanzo.

Tulipita Namanga tukirudi. Nilipomrudishia koti, aliniambia nivae mimi.

Arusha hatukwenda nyumbani. Alinyoosha moja kwa moja hadi Nduruma, nami nyuma yake. Baba mkubwa alikuwa uani akichonga mzinga mpya, hakuinua macho.

"Shikamoo, kaka."

Patasi ilisimama.

"Marahaba."

"Ni mitatu," baba alisema. "Nimeishika kwa mkono wangu. Kesho naanza kukwangua."

Baba mkubwa alipangusa patasi kwenye suruali, akampa kwa mikono miwili.

"Usikwangue," alisema. "Ongeza mstari mmoja tu."