Daktari Daftari na Alama ya Kijani

Sisi wa wodi ya wazazi tulimwita Daktari Daftari, na yeye alijua. Hakukasirika. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na tatu, mfupi, mwenye viatu vya raba visivyotoa sauti, na mfuko wa kulia wa koti lake jeupe ulikuwa umeshonwa mara mbili kwa sababu ya uzito wa daftari. Kila kitu aliandika. Dawa ikibadilishwa kifungashio, aliandika. Mgonjwa akisema anasikia kizunguzungu akiinama, aliandika na saa. Siku moja nilimwambia kwamba mtoto wa dada yangu amepata kazi, nikamwona anatoa kalamu. Nikamwambia, "Daktari, hiyo ni habari tu, si dalili."

Mimi ni mkunga. Pale hospitalini wote wananiita Shangazi, hata walionizidi umri, na sijui ilianzaje. Nimefanya kazi na daktari huyu miaka kumi na minne na tumegombana mara mbili tu. Mara ya kwanza ilikuwa kuhusu dirisha. Mara ya pili ndiyo hii.

Ofisi ya afya ilituazima mashine ya ultrasaundi. Si lile kabati kubwa la hospitali za mjini. Ilikuwa tableti na kidude cha kushika mkononi, ukubwa wa kipande cha sabuni, vimeunganishwa kwa waya. Kidude hicho wanakiita probu, na ubavuni kina alama ndogo ya kijani. Unakipaka jeli, unakiweka juu ya tumbo la mama, na mtoto unamwona kwenye tableti akiwa bado ndani. Kabla ya hapo, mama wa kwetu aliyehitaji kuangaliwa hivyo alisafiri saa nne hadi hospitali ya rufaa, na wengine waliona bora wabaki nyumbani. Kwa hiyo mashine ile ilipofika nilifurahi kama niliyeolewa upya.

Ila ilikuja na sharti. Daktari wetu asome kozi kwa mtandao na apate cheti ndani ya miezi mitatu. Akikosa, mashine inakwenda hospitali nyingine iliyokuwa kwenye foleni.

Basi akaanza shule. Darasa lake lilikuwa stoo ya mashuka, kwa sababu huko ndiko mtandao ulikoshika vizuri, na muda wake ulikuwa ule wa chakula cha mchana. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, tableti magotini, daftari kwenye rafu, akimtazama mwalimu mwenye ndevu za mvi akipitisha probu juu ya tumbo la mama fulani. Stoo hiyo imepakana na chumba wanachopumzika akina mama waliojifungua, na ukuta wake ni wa mbao nyembamba. Daktari hakutaka kuwaamsha. Alizima sauti, akatazama mikono ya mwalimu, akanakili kila alichokiona.

Jioni alifanya mazoezi kwa mume wake. Mume ni fundi saa, mtu mpole, aliyelala kwenye kochi amevua shati huku akipakwa jeli ya baridi kila siku ya Mungu. "Shangazi," aliniambia siku aliyokuja kumchukua mkewe, "figo zangu sasa zinajulikana kuliko sura yangu." Mazoezi hayo yalikwenda vizuri. Shida ni kwamba figo, hata ukiiona kichwa chini miguu juu, ni figo tu.

Ikafika hatua ya mwisho. Ilibidi apime wajawazito watano, aandike taarifa ya kila mmoja, kisha apakie picha na taarifa kwenye mtandao mwalimu azikague. Kanuni ilikuwa moja na haikuwa na huruma: taarifa isiyo sahihi ya mgonjwa inakurudisha nyuma, unasubiri duru inayofuata. Duru inayofuata ilikuwa baada ya miezi mitatu, na mashine isingekuwa yetu tena.

Siku ya kwanza ya kupima, asubuhi nzima nilikuwa chumba cha kujifungulia na mama mmoja aliyechukua muda wake. Nilipotoka, nilikuta akina mama wawili kwenye benchi, kila mmoja na barua ya rufaa mkononi, nyuso zimewashuka. Dereva alikuwa anafuta kioo cha gari la wagonjwa. Nikasoma barua ya kwanza. Mtoto ametanguliza matako. Ya pili hivyo hivyo. Nikaingia ndani, nikamkuta daktari anamaliza na wa tatu, fundi cherehani aliyekuja kwa mimba yake ya nne.

"Huyu naye amekaa vibaya," daktari akaniambia kwa sauti ya chini. "Kichwa kiko juu."

Niliosha mikono, nikaipasha joto, nikamshika mama yule tumbo. Chini, juu kidogo ya mfupa wa kinena, palikuwa na kitu kigumu cha mviringo kinachocheza kati ya vidole. Nimekishika kitu hicho zaidi ya miaka thelathini na sijawahi kukiita matako.

"Anapigia wapi mateke?" nikamwuliza mama.

"Hapa mbavuni. Hanipi raha."

"Daktari, kichwa kiko chini."

"Shangazi, nimemwona kwa macho yangu."

"Na wale wawili wa nje?"

"Nao pia."

"Watatu asubuhi moja? Walifanyia wapi kikao?"

Fundi cherehani alicheka. Daktari hakucheka. Alikuwa amechoka, na taarifa mbili za kwanza alikuwa amekwisha kuzipakia kwa mtandao uliokuwa ukikatikakatika. Akasema, "Mashine haibahatishi."

Neno hilo liliniuma. Kwa hiyo mimi miaka yote nabahatisha? Nikatoka, nikaenda stoo nikakunjua mashuka yaliyokuwa yamekunjwa, nikayakunja tena. Nikanuna kisawasawa. Lakini nje gari lilikuwa linawashwa, na nilijua kwamba mama akifika rufaa na barua ya matako, anaweza kukuta kisu kinamsubiri. Nikaacha kununa nikarudi.

"Weka hicho kidude chako kama ulivyokiweka mwanzo," nikasema. "Usikigeuze hata kidogo."

Akakiweka. Nikachovya kidole kwenye jeli, nikakichomeka chini ya probu, upande ule wenye alama ya kijani. Kwenye tableti, kivuli cha kidole changu kikaingia kutoka kushoto.

"Kushoto hapo ni wapi?"

"Ni upande wa alama. Upande wa kichwani kwa mama."

"Na kidole changu kiko wapi?"

Akatazama. Kidole changu kilikuwa upande wa miguu. Alama ya kijani ilikuwa inaangalia magoti ya fundi cherehani, na ilikuwa imeangalia magoti tangu asubuhi.

Daktari aliweka probu chini. Alitoa daftari, akafungua ukurasa wenye kona iliyokunjwa. Palikuwa pameandikwa ALAMA KULIA, na mistari miwili chini yake. Kisha akaifungua ile video ya somo, na kwa mara ya kwanza akawasha sauti. Mwalimu alikuwa anasema, wazi kabisa, "Elekeza alama kichwani kwa mama." Kamera ilikuwa imewekwa ng'ambo ya kitanda, inamtazama mwalimu usoni. Kwa anayetazama, kichwa cha mama kilikuwa kulia, na alama ikaelekea kulia. Lakini daktari wetu alisimama mahali aliposimama mwalimu, si mahali pa kamera. Kulia kwake ni miguuni.

"Nilizima sauti," akasema. "Kwa ajili ya hawa waliolala."

Nilitaka kumkumbatia na kumchapa kwa wakati mmoja.

Alitoka nje mwenyewe. Alimwambia dereva azime gari, akakaa kwenye benchi katikati ya wale akina mama wawili, akawaambia kwamba amekosea, kwamba alishika kifaa kinyume, na kwamba wakikubali atawapima tena. Hakusema mashine ilisumbua. Hakusema mtandao. Mmoja alilia kwa kupata nafuu, mwingine alimkasirikia na alikuwa na haki, kwa maana alikuwa amekwisha kumpigia simu mumewe auze mbuzi. Wakapimwa tena wote, mimi kwa mikono, daktari kwa probu. Vichwa vitatu, vyote chini.

Tulipobaki wawili nikafunga mlango. Sasa nisikilizwe vizuri, maana hapa sijisifu. Nilimwambia afute. Taarifa zile mbili zilikuwa bado hazijafunguliwa na mwalimu, tableti ilionyesha. Afute, apakie mpya zilizo sahihi, cheti kije, mashine ibaki. "Hakuna aliyeumia," nikasema. "Nani atajua?"

Alipangusa jeli kwenye probu taratibu.

"Shangazi, kozi hii inasomwa na watu wengi. Kuna mwingine mahali fulani, naye amekaa kwenye stoo yake, amezima sauti. Na yeye huenda hana wewe."

Nikaufungua mlango.

Aliandika barua kwa mwalimu mchana ule, kwa maneno mepesi, na hakufuta chochote. Alieleza kamera ilipokaa, yeye aliposimama, na alichokiandika kwenye daftari. Akapiga picha ule ukurasa wenye mistari miwili, akautuma pia.

Jibu lilikuja baada ya siku nne. Mwalimu alimshukuru kwa unyenyekevu, akasema kanuni ni kanuni. Hakufaulu duru ile. Mwisho wa mwezi mtu wa ofisi ya afya akaja na boksi, akaitia tableti na probu ndani, akatupa karatasi ya kusaini. Niliisaini kwa hasira mpaka kalamu ikatoboa. Daktari aliisaini vizuri, kwa mwandiko wake ule wa shule, kisha akaenda kuona wagonjwa.

Miezi ile mitatu ilikuwa mirefu. Wale akina mama watatu walijifungua kwetu salama, na mtoto wa fundi cherehani alitoka analia kabla sijamshika sawasawa. Daktari alirudi stoo, akarudia masomo yote tangu la kwanza, safari hii kwa simu yake mwenyewe na spika ya masikioni aliyonunuliwa na mumewe. Siku moja aliniita, akanipa upande mmoja wa spika. Video ya somo lile ilikuwa imepigwa upya. Kamera ilikuwa nyuma ya bega la mwalimu, na kulia kwake kulikuwa kulia kwetu. Chini ya video mwalimu alikuwa ameandika kwamba baada ya barua ya daktari mmoja waliwauliza wanafunzi wote, na wanafunzi kumi na mmoja walikutwa wanashika kinyume. Daktari aliitazama ile namba, akaiandika kwenye daftari.

Alifaulu duru ya pili, wajawazito watano akiwapimia hospitali ya rufaa kwa mashine ya huko. Mashine yetu ilikaa huko ilikokwenda mwezi mwingine mmoja, mpaka hospitali ile ilipopata yake, ndipo boksi likarudi.

Mama wa kwanza kupimwa alikuwa msichana wa mimba ya kwanza, aliyekuja na mama mkwe wake. Daktari alitayarisha jeli, akawasha tableti, kisha akaiweka kando na kunivutia kiti.

"Shangazi, mikono kwanza."

Nikaipasha joto mikono, nikaanza kutafuta. Chini palikuwa laini. Nikapapasa tena, polepole, nikapanda juu, na pale chini ya mbavu nikakipata kile kitu kigumu cha mviringo. Nilimtazama daktari, nikampisha. Akaweka probu, alama ya kijani ikaangalia kichwani kwa mama, akatazama kwa muda, akapapasa kwa kidole upande wa alama kuhakikisha, akatazama tena.

"Juu," akasema.

"Juu," nikasema.

Akaandika barua ya rufaa. Dereva akawasha gari, na safari hii barua niliibeba mwenyewe, nikakaa nyuma na yule binti saa zote nne, nimemshika mkono.