Dada Yake Mnavu

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, mimi ndiye niliyekuwa macho ya bibi, kwa sababu yake yalikuwa yameingia ukungu na zamu yake ya upasuaji ilikuwa haijafika. Tuliishi ghorofa ya kumi na moja mtaa wa Jane na Finch, huku ughaibuni, mimi, Baba, Mama, na Bibi mzaa mama aliyekuja kutoka Lushoto. Nyuma ya majengo, ukishuka kuelekea kwenye kijito, kuna uzio wa waya, na chini ya uzio huo mnavu ulijiotea wenyewe, hakuna aliyeupanda, hakuna aliyeutaka isipokuwa sisi.

"Mke mwenzangu," Bibi alikuwa akiniita mlangoni, mfuko umeshakunjwa kwapani, "lete mguu, jua halitungoji."

Mnavu una dada yake. Hivyo ndivyo Bibi alivyosema, na mwaka wake wa kwanza huku alipomwona amejizungusha kwenye waya alisimama akacheka, kumbe na huku yupo. Mnavu husimama kwa miguu yake mwenyewe, dada mtu ni mvivu, lazima aegemee kitu. Mnavu hutoa maua meupe na vitunda vyeusi, dada maua ya zambarau na vitunda vyekundu vya kuvutia watoto. Lakini wote wawili wakiwa wachanga, hawajatoa ua, utazame jani. Jani la dada lina masikio mawili madogo pale linapokutana na kikonyo. Na si kila jani lake lina masikio, ndiyo maana unachuma tawi zima na kuligeuza, huchumi jani moja moja kama mbuzi.

Na dada mtu ana kinyongo, kwa sababu hajawahi kukaribishwa sufuriani. Ukimwingiza jikoni kwako, Bibi alisema, haondoki mikono mitupu, anaondoka na mtoto. Kwa hiyo kwao, nyumba yenye mjamzito, anayechuma si anayechambua. Anayechambua anamuuliza mchumaji mara moja tu, na mchumaji akishajibu, neno lake ndilo linalopikwa. Kumuuliza mara ya pili ni kumwita mchawi.

Mwaka huo Mama alikuwa na mimba ya miezi mitano.

Siku yenyewe ilikuwa mwanzo wa kiangazi. Bibi alikaa juu kwenye ukingo wa saruji kwa sababu mteremko ulimshinda, mimi nikashuka na mfuko peke yangu, na sijafika mbali nikasikia sauti za wasichana wa darasa letu wanakuja na baiskeli. Sikutaka wanione. Sikutaka wanione nachuma majani porini na kanga ya Bibi kiunoni, basi nikachutama nyuma ya pale palipofunga sana, penye majani mengi yaliyopanda waya, na mikono ikaendelea kuchuma chochote, jani moja moja, haraka haraka, macho yangu yako kwenye magurudumu yao. Walipopita mfuko ulikuwa umejaa. Nikapanda.

Mezani Bibi alichambua kwa vidole. Nilikuwa nimesimama naye hapo, naona. Akafika kwenye jani moja akasita, kidole gumba kikaenda na kurudi pale chini ya jani.

"Uligeuza matawi?"

Nilimjibu kwa Kiingereza, kama tulivyozoea watoto wa huku, kwamba ndiyo, yote.

"Haya, macho ya Ulaya hayo," akasema.

"Mama, acha kumhoji mtoto," Mama akacheka kutoka kwenye kochi, "mjukuu wako wa tumboni ana njaa."

Ukapikwa kwa nazi na kitunguu. Mama alikula sahani mbili, Bibi kidogo. Mimi nilikula ugali na yai, sijawahi kuupenda mnavu.

Jioni walikuwa wanatapika wote wawili, Bibi akapoa, Mama hakupoa. Baba akampeleka hospitali. Siku ya tatu mtoto akatoka, wa kiume. Daktari alimwambia Baba kwamba huenda si majani, mimba nyingine huondoka tu, hawezi kusema hivi wala vile. Mama yeye alisema.

"Umeniulia mtoto kwa majani ya njiani."

Bibi angeweza kusema, nilimuuliza mchumaji. Badala yake aliweka mkono juu ya kichwa changu. Baada ya miezi michache akaomba kurudi kwao, upasuaji akauacha, na usiku anafunga mzigo akaniambia, wala hakukasirika, "Lilikuwa na sikio. Nililigusa. Nikakuamini." Alifariki huko nikiwa na miaka kumi na mbili.

Nimesoma mpaka sekondari, najua sumu ni sumu, haina kinyongo na mtu. Lakini sasa nina mwanangu wa miezi minne na kila akichemka mwili nawaza, dada mtu alichukua wa Mama, na aliyemwingiza jikoni nilikuwa mimi. Simlazi bila kumwekea mkono kifuani. Nimemwambia mume wangu tu. Akasema, mwambie mama yako.

Jumamosi Mama alikuja kumwogesha mtoto. Nikaanza, "Mama, ile siku ya mnavu..."

"Mwanangu, usinifukulie," akasema, anamkinga mtoto maji yasiingie sikioni. "Bibi yako nimeshamsamehe. Miaka mingapi nimehangaika, mpaka nikaweza. Sasa namtaja kwenye sala."

Nikamshikia taulo. Ningemwambia nini? Kwamba alimsamehe asiye na kosa, na kwamba yule aliyepaswa kuombwa radhi hayupo tena? Angebaki na nani wa kumtaja kwenye sala, na mimi ningebaki na nani wa kuniogeshea mtoto? Hakuna namna ya kulisema jambo hili ambayo haitavunja kitu, na hakuna namna ya kulinyamazia nikalala.

Mume wangu aliporudi nilimwomba afe nalo. Akakubali. Nami nimeapa juu ya kichwa cha mtoto huyu, amelala, kwamba baada ya baba yake hakuna mwingine wa ukoo wetu nitakayemwambia.